Bibi, Onja Kwanza

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Muleba. Asifiwe na waliokula wakashiba, asifiwe pia na wale wanaoitazama sahani wakaogopa kuigusa, maana na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mimi ni Leokadia. Wengi mnaniita Mama Editha. Nilizaliwa huku huku Muleba, nikaolewa Kitendaguro, pale Bukoba, na huko ndiko nilikozeekea na kibanja changu cha migomba na kahawa. Marehemu mume wangu, Fabiani, alikuwa kaka yake Koleta, wifi yangu, yule aliyekaa karibu na mlango. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa, kwa sababu na yeye yumo katika ushuhuda wangu. Akaniambia, "Sema, wifi, ila usinipake matope sana." Basi nitampaka kidogo tu.

Ndugu zangu, Bwana ameniponya hofu. Sisemi hofu ya nyoka wala ya radi. Nasema hofu ya chakula cha jirani. Naona baadhi yenu mmeinama. Msiiname, waitu, wapendwa wangu, sote tumezaliwa katika nchi hii na mnajua ninachokisema. Kwetu mgeni akipewa kinywaji, mwenye nyumba hunywa kwanza mbele yake. Akiletewa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, mwenye nyumba huchukua punje ya kwanza akaitafuna, ndipo kikapu kimfikie mgeni. Wazee walituachia desturi hiyo ili moyo wa mgeni utulie. Mimi nilifika mahali ambapo hata mwenye nyumba angemaliza kikapu kizima mbele ya macho yangu, moyo wangu usingetulia.

Hofu hiyo niliipatia msibani. Fabiani alikuwa mtu wa kazi, hajui kulala kitandani mchana. Siku moja, wakati wa kuchuma kahawa, alirudi nyumbani amejishika tumbo. Kabla ya kufika kwangu alikuwa amepita kwa jirani yetu, Bi Zuhura, akanywa kikombe cha kitu cha moto. Akalala. Tumbo likazidi, tukampeleka hospitali, daktari akatuambia kidole tumbo kimepasuka na tumechelewa. Tulimrudisha nyumbani tukamzika kibanjani, karibu na mibuni aliyoipanda mwenyewe.

Sasa nimekaa juu ya nyasi na waombolezaji, macho yamekauka kwa kulia. Wifi Koleta akanisogelea, akaniinamia sikioni, akaniuliza, "Wifi, alikula wapi mara ya mwisho?"

Hilo tu. Hakumtaja mtu. Lakini lile swali liliingia ndani yangu likakaa. Daktari alikuwa amenieleza vizuri kabisa, tena kwa Kihaya nisije nikakosa neno, na nilimwelewa. Lakini nilipokuwa peke yangu sikumsikia daktari. Nilisikia, alikula wapi mara ya mwisho? Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa naliona kila asubuhi ng'ambo ya ua.

Bi Zuhura ni mama wa Kiislamu, mjane kama mimi. Babu yake alikuja Bukoba zamani na biashara kutoka pwani, akaoa Mhaya, akabaki. Yeye mwenyewe amezaliwa pale mjini, na Kihaya chake kinapita changu. Lakini hofu ikishaingia haikosi cha kushika. Nilianza kukumbuka mambo niliyowahi kusikia utotoni kuhusu watu wa pwani na majini yao. Nilianza kusikiliza kandambili zake. Zina mlio wake zile kandambili, moja inaburuta kidogo. Nikizisikia kwenye njia, naacha nilichokuwa nikimenya naingia ndani nakaa kimya. Naye anasimama uani anaita, "Mama Editha, umeamkaje?" Nami ndani sijibu, nimeshika rozari, natetemeka mbele ya mtu aliyekuja kunisalimia!

Hofu haikukaa kwa Bi Zuhura peke yake. Ilitembea. Nikaacha kula harusini. Nikaacha kunywa kwenye vikao vya jumuiya. Nikialikwa, nabeba maji yangu mwenyewe kwenye chupa, na nikiletewa sahani nasema, "Nimefunga." Watu wakaanza kuniheshimu. Wakasema Mama Editha ni mtu wa sala, anafunga hata Jumapili. Ndugu zangu, nilikuwa nashinda na njaa kwa woga, na watu wakaniita mtakatifu.

Senene, wale panzi wetu wa kukaanga, walipokuja, mnajua mji wetu unavyofurahi senene wakija, watu wanapelekeana kwa bakuli na kwa majani. Kwangu walikuja pia, na mimi nilipokea kwa mikono miwili, nikasema kasinge, yaani asante, nikaenda kuwamwaga chooni. Nikarudi nikalia, kwa sababu nawapenda sana senene.

Katika hali hiyo Editha, binti yangu, akaniletea mtoto. Editha anafanya kazi ya dagaa kule kisiwani Bumbire, na kule kambini si mahali pa kulelea mtoto wa shule. Akasema, "Mae, nibakizie Kemi mpaka nitulie." Jina lake lote ni Kemilembe, na mnajua maana yake, wa amani. Alikuwa anaanza darasa la kwanza. Alikuja na begi mgongoni na mdomo usiokaa, anaimba, anauliza, anaongea na kuku. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa, kwa muda mfupi.

Halafu nikaogopa kwa ajili yake, na hofu ya mjukuu inapita hofu yako mwenyewe. Nilimweka mbele yangu nikamwambia, "Kemi, usile kwa watu. Mtu akikupa kitu, sema asante, usile. Hata akikuonjea, usile." Akaniuliza, "Kwa nini, Bibi?" Nikamwambia, "Babu yako alikula kwa watu." Nilimwambia hivyo mtoto wa darasa la kwanza. Akanitazama kwa macho makubwa na hakuuliza tena.

Ikafika Idi. Bi Zuhura akaleta pilau kwenye hotpoti, kafunika na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Harufu yake ilijaza uwanja. Nikapokea, nikashukuru, nikamsubiri aondoke. Kisha nikachukua jembe nikaenda nyuma ya nyumba, nikachimba shimo kwenye shina la mgomba, nikalizika lile pilau na nyama zake. Kemi alisimama pale pale akitazama. Nikaosha hotpoti, nikairudisha, nikasema lilikuwa tamu.

Kesho yake kuku wangu mwekundu akachakura lile shimo, akala mpaka kidari kikavimba. Nilikaa kwenye kigoda namtazama afe. Kemi naye akachuchumaa kando yangu, tunamtazama kuku pamoja. Hakufa. Alikwenda kivulini akajinyoosha, na baadaye akataga yai. Nanyi mnafikiri nilipata akili? Yai nililitupa!

Ndugu zangu, mnacheka, na mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka. Sasa sikilizeni kilichofuata.

Mwalimu wa darasa akaniita shuleni. Ni mama mpole, akanikalisha nje ya darasa akasema, "Bibi, Kemi hanywi uji. Wenzake wakinywa yeye anakaa pembeni na kikombe mikononi. Na siku hizi haimbi." Nikamwambia huenda uji haupendi. Moyoni nilijua. Niliona hata sura yake ilivyopungua, shingo imekuwa nyembamba, sare inaning'inia. Lakini nilijiambia, nyumbani anakula, mimi mwenyewe ndiye ninayempikia, hapo hapana neno.

Kisha ikaja ile siku mchana. Nilikuwa nimepika ndizi na maharage, nimetandika majani ya mgomba, nimepakua, mvuke unapanda. Tumesali. Nikamwambia, "Kula, mwanangu." Hakugusa. Akanitazama usoni akasema, "Bibi, onja kwanza."

Nikadhani ni mchezo. Nikacheka, nikaonja. Akaonyesha upande mwingine wa jani kwa kidole. "Na hapa." Nikaonja. "Na hapa, Bibi." Nikaonja. Nikamwambia, haya, kula sasa. Akaweka mikono mapajani akasema, "Sasa tusubiri."

Mtoto wa binti yangu alikuwa amekaa kitako mbele ya chakula nilichopika kwa mikono hii, ananitazama tumbo aone kama nitakufa, kama tulivyomtazama yule kuku. Chakula kilipoa. Alikula matonge machache, akasukuma jani.

Kuanzia hapo hali ilikuwa mbaya. Siku nyingine anakula kidogo, siku nyingine hali kabisa. Nilimpeleka hospitali, wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa, mtoto anahitaji kula. Nikampigia simu wifi Koleta. Yeye akaogopa kuliko mimi, akasema mtoto amefungwa tumbo, tumlete Muleba kuna mtu anayejua kufungua. Nikampigia Editha. Mtandao wa Bumbire ulikuwa unakatika, lakini neno lake moja nililisikia vizuri. Alisema, "Mae, nilikuachia mtoto anayecheka." Halafu simu ikakatika.

Nilipiga magoti chini, juu ya sakafu. Sikuwa na maneno mazuri ya sala kama mlivyonizoea. Nilisema, Bwana, mtoto huyu anakufa na mimi ndiye ninayemlisha. Nilisema hivyo tu, nikarudia na kurudia. Kwa mara ya kwanza nikaiogopa hofu yenyewe. Niliiona imetoka kwangu imeingia kwa Kemi, na kwa mwili ule mdogo haikuwa na mahali pengi pa kukaa.

Sasa nawaleta kwenye siku ile Bwana alipotenda.

Masomo yaliisha saa ya kawaida, watoto wa jirani wakarudi, Kemi hakurudi. Nikatoka barabarani, nikauliza, hakuna aliyemwona. Nikaenda mpaka kisimani, nikapita kwenye migomba nikiita. Ndugu zangu, mtoto aliyedhoofika vile, nilikuwa natazama kila mtaro nikidhani nitamkuta amelala. Ndipo nikasikia sauti yake. Ilitoka ng'ambo ya ua. Ilitoka kwa Bi Zuhura.

Nilikwenda mbio, nikasimama kwenye uwazi wa ua. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka nje ya jiko, na kati yao kuna sinia ya ndizi na samaki. Bi Zuhura akachukua tonge, akalitia kinywani, akatafuna taratibu, akameza. Kisha akafungua mdomo wake wazi, akamwonyesha mtoto kwamba hakuna kitu kilichobaki. Kemi akachungulia mle ndani, akaridhika, akachukua tonge kutoka pale pale alipochukua Bi Zuhura, akala. Bi Zuhura akaonja tena. Akafungua mdomo tena. Mama mzima, mwenye wajukuu wake, anakaguliwa mdomo na mtoto, bila haraka, bila kununa. Na mtoto anakula!

Niwaeleze nilivyokuwa nasikia. Mguu mmoja ulitaka kuingia nimnyakue Kemi, nimtie kidole kooni atapike. Lile swali linapiga kelele, alikula wapi, alikula wapi? Mguu mwingine haukusogea, kwa sababu macho yangu yalikuwa yanamwona mjukuu wangu akitafuna, shavu limejaa, na sikuwa nimeliona shavu hilo likijaa tangu mvua zianze.

Bi Zuhura akaniona. Hakushtuka. Akasema, "Karibu, Mama Editha. Alipita hapa akasimama tu ananitazama ninavyopika. Nikamwambia nitamwonjea." Akanyoosha mkono kando yake, akachukua kikapu kidogo cha akamwani, kile cha wageni. "Karibu kahawa, waitu."

Kemi akaacha kutafuna. Akageuka, akanitazama mimi.

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, ndugu zangu. Yule mtoto alikuwa hamtazami Bi Zuhura tena. Alikuwa ananingoja mimi. Nikikataa, nikisema nimefunga, lile tonge atalitema, na hapo mahali pekee alipokuwa anakula duniani patafungwa, nami nitakuwa nimepafunga. Nikipokea nitakufa. Ndivyo nilivyoamini, sitawadanganya. Sikusimama pale na imani kubwa. Nilisimama na woga kamili, nikajua ni lazima nichague, na hakuna atakayenichagulia.

Nikaingia. Nikakaa kwenye mkeka. Bi Zuhura akachagua punje moja, akaipasua kwa vidole. Mnajua kahawa, ndani ya ganda moja mbegu mbili zimelala pamoja. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu waligawana mbegu hizo. Mbegu moja akaitia kinywani mwake, akaitafuna. Ya pili akaiweka kwenye kiganja changu. Sikujua kama alikusudia jambo la wazee au alikuwa anamhurumia tu mwoga. Kemi akaniambia kwa sauti ndogo, "Bibi, ameshaonja."

Nikasema moyoni, Yesu, nakuja. Nikaitia kinywani.

Ilikuwa chungu, na ile harufu ya majani yanayochemshwa nayo. Nikatafuna, nikameza. Nikaweka mkono tumboni nikangoja. Jogoo aliwika migombani. Mate yakarudi mdomoni. Kemi akaniambia, "Fungua." Nikafungua mdomo, mimi mama wa makamo yangu, mjukuu wangu akachungulia ndani, akasema, "Amemeza." Kisha akarudi kwenye sinia akaendelea kula, safari hii bila kumsubiri mtu aonje. Bwana asifiwe!

Nililia pale kwenye mkeka wa watu. Nililia kilio cha msiba, maana siku ile ya msiba sikukimaliza, swali lilinikatiza. Na nilipomaliza kulia nikaliuliza. Nikamwuliza mwenye jibu, badala ya kuuliza ukuta. "Bi Zuhura, siku ile mume wangu alikunywa nini kwako?"

Akasema, "Maji ya moto na tangawizi. Alikuja hapa amejikunja. Nilimwambia, Baba Editha, hii si ya tangawizi, ngoja nimwite bodaboda akupeleke hospitali. Akasema hapana, Leokadia akisikia hospitali ataogopa bure, acha litapoa. Nilitaka kukuambia msibani. Kila nikikusogelea ulikuwa unageuka."

Ndugu zangu, Fabiani alinificha maumivu yake kwa sababu alijua mimi ni mwoga tangu zamani. Alinihurumia. Maneno ya mwisho aliyoyasema juu yangu nje ya nyumba yetu yalikuwa pale ng'ambo ya ua, yamehifadhiwa na yule niliyemkimbia, na mimi nilikuwa nazima taa nikisikia kandambili zake.

Nikamwambia, "Na lile pilau la Idi." Akasema, "Lile alilokula kuku wako?" Nikataka ardhi inimeze. Akacheka mpaka ushungi ukamtoka. Nikamwuliza sasa kwa nini aliendelea kuniletea vitu. Akasema, "Hotpoti ilikuwa inarudi imeoshwa. Nikasema, maadam anaosha, bado sisi ni majirani."

Sitawaambia kwamba hofu iliondoka siku ile kama pepo anavyokemewa. Wengine Bwana anawaponya hivyo, nami nawashangilia. Mimi ananiponya kidogo kidogo, kila siku. Asubuhi kabla sijafungua mlango nasimama, nauliza moyo wangu, leo unaogopa nini? Na hilo unaloliogopa, umeliona au umenong'onezwa? Ukinyamaza, nafungua mlango. Kisha nachagua jambo moja dogo. Nikisikia kandambili, natoka mimi kwanza, nasalimia mimi kwanza. Nikiivisha ndizi za kutosha, nakata kichane nampelekea mtu, nakaa kidogo, naonja mbele yake bila kuombwa. Nikipewa, napokea, nakula pale pale. Siku ya kwanza ya kula kikaoni mkono ulitetemeka mpaka mchuzi ukamwagika kwenye kitenge changu cha jumuiya. Nilikula hivyo hivyo, ninatetemeka. Jamani, kutetemeka hakuzuii kumeza.

Nilidhani wema ni jambo kubwa la watu wenye nafasi. Kumbe aliyemwokoa mjukuu wangu alifungua mdomo tu akamwonyesha mtoto, tonge baada ya tonge, mchana mmoja, na kesho yake tena, na juma zima lililofuata, mpaka Kemi akachoka mwenyewe kukagua. Mwalimu akaniambia ameanza kunywa uji. Alianza kwa kumwonjesha rafiki yake, huyo rafiki akanenepa kidogo, halafu akaanza kunywa mwenyewe. Editha alipokuja kutoka Bumbire na dagaa wake, alimkuta mtoto juu ya ua anaimba, mguu mmoja kwangu na mguu mmoja kwa Bi Zuhura. Alikaa chini njiani na ndoo yake, akamsikiliza.

Nimesimama leo kumshukuru Mungu aliyenitafuta kwa mkono ambao nisingeuchagua. Nawashukuru mlionivumilia mkidhani nafunga. Na kama yumo humu ndani mtu aliyekaa na swali la msibani, na analo jina la jirani mdomoni, ndugu yangu, nakusihi. Usiliulize ukutani. Nenda kamwulize mwenyewe, mchana, ukikaa kwenye mkeka wake. Utaogopa. Nenda ukiogopa.

Wifi Koleta, nakuona. Najua lile swali hukulitunga wewe, na wewe uliulizwa hivyo hivyo mama yetu alipofariki, na yeye aliyekuuliza aliulizwa na mwingine. Tumelipokezana muda mrefu. Leo na tulitue chini.

Nimekuja na kikapu. Hii ni akamwani aliyoichemsha Bi Zuhura, amenikabidhi jana alasiri, akasema niwasalimie watu wa Muleba. Nilikuwa nimepanga nimalize kwa kufuata desturi yetu, nichukue punje moja, nionje mbele yenu, ndipo Kemi aipitishe kwenu, kuanzia kwa wifi pale mlangoni.

Lakini Kemi, hebu geuka huku. Geuka wakuone. Ndugu zangu, nimemwambia mara ngapi kwamba kahawa si ya watoto? Mtazameni shavu lake lilivyojaa.

Haya, wifi, nyoosha mkono upokee. Ameshaonja Kemi, na hakutusubiri.